Mkono Unaochelewa

Kingi, 14 Januari 1945

Mdogo wangu Edmond,

Nakusalimu katika Bwana. Mama anakusalimu, na Céline naye, ambaye meno yake ya mbele yameng'oka na sasa anasali "Thalamu Maria", hata Mama anajifunika uso kwa kitambaa asicheke mbele ya Mungu. Maharagi ya mlimani yamekubali. Mihogo ya bondeni imefukuliwa na nguruwe wa mwitu. Mguu wa Mama umevimba tena. Anasema huo si mguu wake, alipewa kwa makosa.

Habari mbaya ni ya Nestor, mtoto wa shangazi. Juma lililopita alichelewa kufika kwenye kazi ya barabara ya Mushaki. Kapita, msimamizi wa kazi, alimlaza kifudifudi juu ya mawe ambayo Nestor mwenyewe aliyavunja siku iliyotangulia, akampiga kiboko mara ishirini na tano. Wenzake waliamriwa wahesabu kwa sauti, wakahesabu. Nilimwosha mgongo kwa maji ya chumvi. Hakulia. Aliniuliza tu kama shati linaweza kushonwa.

Sasa nafika kwenye neno langu. Mwezi wa sita mwaka jana uliniandikia kwamba mume wangu Benoît alikufa "katika mambo ya msituni". Mambo ya msituni ni nini, Edmond? Mtu hufa kwa homa, hufa kwa maji, hufa kwa mti kumwangukia, hufa kwa mkono wa mtu. Alikuja huko kwako kwa kazi ya benchi kumi na mbili za kanisa, akaniambia atarudi mtama haujakomaa. Nakumbuka asubuhi ile alivyonusa mpini wa jembe langu, kama alivyonusa kila ubao kabla ya kuukata, akasema mti huu utadumu. Umedumu. Mimi ni mjane wa seremala na sijui mume wangu alikufaje.

Tena Padri wa Misioni alisema mbele ya watu wote kwamba Noeli ikifika na kanisa lako la Buleusa bado ni tupu, atafunga mlango na kukurudisha huku, usiwe tena katekista wao. Je, ni kweli kwamba liko tupu?

Dada yako,
Emérita


Buleusa, 3 Machi 1945

Dada yangu Emérita, mama Céline,

Barua yako imeletwa na Munyakazi, mchukuzi wa chumvi, ikiwa imelowa pembeni tu. Asante kwa habari za nyumbani. Mpe Nestor pole. Mwambie Mama kwamba mguu huo na uvumilie mpaka nije niukemee. Huku mvua haikatiki, na nyani wamekula mahindi yote ya shamba la masomo.

Kuhusu kanisa, Padri amesema kweli. Unajua yaliyotupata mwaka jana: utomvu wa mpira wa msituni uliodaiwa na serikali kila mwezi, watu wasilime tena, asiyefikisha kipimo alambwe kiboko mbele ya wanawe. Halafu watu wa ng'ambo ya mto wakamkata kapita wa mpira kwa mapanga, na kijiji chote kikakimbilia msituni kabla askari hawajafika. Watu wamerudi katika nyumba zao sasa. Katika kanisa hawakurudi. Tulikuwa sitini kila Jumapili. Sasa ni saba, na kati ya hao saba mmoja ni kiziwi.

Kila Jumapili napiga ngoma ya sala kama zamani, nasikia milango inafungwa. Mwezi uliopita mama mmoja mwenye mimba alikuwa anapita na kikapu cha mihogo. Nilipoanza tu, alitupa kikapu, akakimbia, akaanguka kwenye mawe ya mto. Mtoto alizaliwa siku ileile, hakupumua. Baba yake alikuja na mkuki akauchoma katika mlango wa kanisa, akaenda zake. Upo hapo. Sikuweza kuung'oa.

Mzee Faustin, aliyekuwa akituongoza katika nyimbo, amezika watoto wake wawili na haimbi tena. Jana alinikuta nafuta vumbi kwenye ngoma. Akasema: "Papa Katekista, ile ngoma yako bado iko na njaa? Haiyashiba?" Nikasema: "Ngoma ni ya Mungu, Papa Faustin." Akatema mate karibu na miguu yangu. "Basi Mungu wako anakula sana."

Na wajane wa ng'ambo ya mto, ambao waume zao walimuua kapita, hakuna anayewasalimu. Wanateka maji wengine wakisha kuondoka. Nilihubiri juu ya upendo. Wale saba wakaangalia vidole vya miguu yao. Nipe shauri, dada. Wewe unawajua watu kunishinda. Na kama maharagi yamezidi, nitumie mbegu.

Kuhusu Benoît: alikufa haraka. Usiniulize zaidi ya hapo. Benchi yake moja imebaki. Mguu mmoja wa benchi hiyo ni mfupi, na anayekaa juu yake anayumba kama mlevi. Mimi nakaa hapo.

Ndugu yako,
Edmond


Kingi, 20 Mei 1945

Edmond,

Mama hajambo. Céline hajambo. Juma lililopita kengele ya Misioni ililia mchana kutwa, wakasema vita ya Wazungu imekwisha Ulaya. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa napalilia, sikusimama.

Siku mbili baadaye alipita hapa Mama Victorine wa huko Buleusa, akifuatana na Munyakazi kwenda kwa ndugu zake Mushaki. Hakujua mimi ni nani. Nilimpa ugali na sombe ya majani ya mihogo kama ninavyompa kila mpita njia. Akaushika mwiko wangu, ule wenye ndege mdogo kwenye mpini, akauliza: "Huu mwiko alitengeneza nani?" Nikasema mume wangu. Aliweka sahani chini. Hakula tena.

Alinieleza. Walikuwa siku kumi na tatu msituni, wanakula mizizi, watoto wamezibwa midomo wasilie. Jumapili asubuhi wakasikia ngoma ya sala. Wengine wakasema ni mtego. Benoît aliinua kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka. Akasema: "Ule njo mukono wa shemeji yangu. Hakuna muntu mwingine anachelewa vile. Kama Edmond anapiga, hakuna hatari. Twende." Akatangulia, penseli sikioni, amemshika mkono mtoto mdogo wa Faustin. Walipofika uwanjani mbele ya kanisa, risasi zikatoka katika migomba. Mtoto alianguka kwanza. Benoît alipigwa shingoni. Victorine anasema alikaa chini kama mtu aliyechoka, akaziba tundu kwa kiganja, damu ikapita katikati ya vidole, na alikaa hivyo mpaka jua likapanda. Straton, mume wa Victorine, alichomwa kisu cha bunduki akiwa amepiga magoti. Watu kumi na mmoja. Na wewe uliniandikia kwamba alikufa haraka.

Victorine akasema: "Papa Katekista alituambia askari njo alipiga ngoma, yeye walimufunga nyuma ya nyumba. Bamoja banasadiki. Bengine hapana."

Edmond, mimi nilikubeba mgongoni. Tangu utotoni mkono wako wa kuume unachelewa. Mapigo matatu ya haraka, kimya, halafu moja peke yake, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua. Mama alikuwa akisema, "Wimbo umekwisha, watu wamelala, Edmond ndiyo kwanza anamaliza." Hakuna aliyekufundisha pigo lile, na hakuna askari awezaye kulijua.

Nakuuliza neno moja tu. Siku ile, lile la mwisho ulilipiga? Usiniandikie habari za mvua.

Emérita


Buleusa, 2 Septemba 1945

Dada,

Nimekawia. Niliandika mara nne, nikachoma mara nne.

Nililipiga.

Askari walifika siku ya Ijumaa. Watu wote walikuwa wamekwenda. Mimi nilibaki, kwa sababu nilijiambia mtu wa Mungu hakimbii. Ilikuwa kiburi, sasa najua. Walichoma nyumba za upande wa mto. Walipasua benchi za Benoît wakapikia nyama; ile moja fupi ilisalimika kwa kuwa sajini alikuwa ameikalia. Walinilaza mbele ya kanisa wakanipiga kiboko wakiniuliza watu wako wapi. Sikujua. Wakanipiga tena kwa sababu sikujua. Jumapili sajini akaniinua, akanipa maji, akasema kwa upole: "Piga ile ya sala. Watakuja, tutawahesabu, watarudi kwao."

Nilimsadiki nusu. Nusu nyingine ya macho yangu iliona bunduki zimelala katikati ya migomba. Askari mmoja aliweka kisu nyuma ya sikio langu, hapa ambapo Mama alikuwa akinipaka mafuta.

Nikapiga matatu. Halafu kikaja kile kimya. Unakijua urefu wake, mtu anaweza kusema Amina mbili. Ndani ya kile kimya nilifikiri: ishia hapa. Ukiacha la mwisho, Benoît atajua kwamba mambo si sawa, atawazuia watu. Nilifikiri hivyo wazi kabisa, dada, kama ninavyoona karatasi hii. Kisha mkono ukashuka. Sijui kama niliushusha ama ulishuka wenyewe kwa mazoea. Mwaka mzima najiuliza, na kila nikijibu najiona mwongo.

Benoît aliniona. Alipokuwa amekaa chini akiziba shingo, alinitazama. Hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu.

Baadaye watu waliponiuliza, nilisema nilifungwa nyuma ya nyumba. Neno lile lilitoka rahisi kuliko maji. Tangu siku hiyo nasimama mbele ya wale saba nikisoma Injili, na uongo umekaa nami juu ya benchi ya mume wako.

Sasa umejua.

Edmond


Kingi, 30 Septemba 1945

Edmond,

Nilisoma barua yako mara tatu. Kisha nilichukua panga nikaenda nyuma ya nyumba, nikakata migomba mitatu yenye mikungu michanga, nikaendelea kukata mpaka ikawa nyuzi tu na maji yake yamenilowesha mpaka kifuani. Mama alitoka, akaniangalia, akarudi ndani. Kama ungekuwa karibu siku ile, sijui.

Sijakusamehe. Siwezi kukuandikia neno ambalo halimo ndani yangu. Siku likifika nitakutumia, usilidai.

Lakini mwezi wa tatu uliniomba shauri. Watu wako hawaogopi Mungu wala ukuta wa kanisa. Wanaogopa kuitwa, kwa sababu walioitika walikufa. Maisha yako yote wewe hupiga ngoma, kisha unasimama mlangoni kuwangojea waje. Acha ngoma. Nenda wewe. Waambie yale uliyoniambia mimi, kwa maneno yaleyale, na ile Amina mbili usiiruke. Wakikuua, watakuwa wamemuua mtu wa kweli. Wakikuacha hai, mtakuwa na mahali pa kuanzia.

Nimempa Munyakazi kikapu cha mbegu, yale maharagi mekundu aliyoyapenda Benoît. Si yako. Anza na shamba la Victorine, ulime wewe mwenyewe. Halafu la Faustin, akikuruhusu. Zikibaki, vuka mto.

Mama anasema ule vizuri. Mimi sikusema kitu.

Emérita


Buleusa, 27 Desemba 1945

Dada yangu Emérita,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa Céline. Usishangae mwandiko huu. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wa kumi, Jumamosi moja, nilipita nyumba kwa nyumba. Kila mlango niliusemea: kesho hakuna ngoma, nitasema habari za ngoma. Walikuja wengi kuliko siku zote, wakasimama nje, wengine na mapanga. Niliitoa benchi ya Benoît uwanjani, mahali palepale, nikasema yote. Nilipofika kwenye ile Amina mbili, niliirudia mara ya pili, wote wasikie.

Hakuna aliyesogea. Kisha Faustin aliingia kanisani akatoka na mti wa kupigia ngoma. Akasema: "Weka mukono hapa." Nikaweka wa kuume juu ya benchi. Akapiga mara tatu, haraka haraka. Nilisikia mifupa. Halafu akasimama, mti juu, akangoja. Kimya kilekile, dada. Watu wote walikijua. Kisha akapiga la nne.

Akautupa ule mti akakaa chini akilia kama mwanamke wa msiba. "Alikuwa na miaka sita," akasema. "Alikuwa na miaka sita, na alikwenda anacheka."

Vijana wakasema wanimalize. Mmoja alikwisha kunishika nywele. Mama Victorine akapita katikati yao, mikono kiunoni. "Mumuache! Alisema atalima shamba langu. Mukimukata, nani atalima? Wewe? Hata la mama yako linakushinda." Mtu mmoja akacheka, hakupenda kucheka, na mkono uliokuwa katika nywele zangu ukalegea.

Basi nikalima, kwa mkono mmoja, jembe nimelibana kwapani. Juma la kwanza nilikuwa peke yangu. La pili peke yangu. La tatu nilisikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Faustin na jembe lake. Akasema: "Papa Katekista, hata kulima unachelewa." Akaanza tuta la upande wa pili, hakunisalimu. Saa sita alikuwa amenipita mbali, akarudi akanimalizia langu. Juma lililofuata wale saba walikuja, hata kiziwi. Tukamaliza kwa Victorine, tukalima kwa Faustin, kisha kwa wengine, kila Jumamosi shamba moja, na baada ya kazi tunasali hapohapo juu ya matuta, tumeshika majembe.

Mbegu zikabaki. Nikasema: sasa ng'ambo ya mto. Hapo tulitaka kupigana tena. Wengine wakasema: "Bale njo balileta vita!" Jembe lilirushwa, likampasua mmoja wetu paji la uso. Ni Faustin aliyesema: "Mimi nimevunja mukono wa huyu, na tunalima naye. Kama mumechoka, mubaki." Akaingia majini. Tukamfuata kumi na wawili.

Mjane wa mtu aliyemuua kapita alitupokea na panga. Akasema: "Mumekuja kunimaliza?" Victorine akasema: "Tumekuja kulima, mama." "Na yale mapanga?" "Ya kukata majani." Hakusadiki. Alisimama kwenye kichwa cha shamba na panga lake tangu asubuhi mpaka saa tisa, akihama tulipohama. Saa tisa aliingia ndani akaleta maji katika kibuyu. Akanywa yeye kwanza, mbele yetu, tuone hayana sumu. Halafu akampa Faustin.

Sasa Jumapili tunafanya hivi. Wa nyumba ya juu kabisa anatoka, anasimama kwenye mlango wa jirani, anamwita kwa jina lake, hatoki hapo mpaka huyo ametokea. Wawili wanakwenda kumwita wa tatu. Hivyo hivyo mpaka mtoni, na wa mtoni anapaza sauti ng'ambo. Kwa Noeli Padri alikuja, akatukuta njiani tunaitana. Akauliza: "Ngoma yenu iko wapi?" Faustin akamwambia: "Padri, tulichoka kuitwa. Sasa tunaitana." Ngoma ile tuliitoa ngozi, Victorine anatunzia mbegu ndani yake. Padri alitazama, akasema mlango utabaki wazi mpaka Pasaka, halafu ataona.

Mwenye mkuki hajaja. Mkuki wake bado umo mlangoni. Tunapita pembeni yake. Na vidole vyangu viwili havikunjiki tena. Sitapiga ngoma maisha yangu yote.

Maharagi ya Benoît yamechanua.

Ndugu yako,
Edmond


Kingi, 20 Januari 1946

Mdogo wangu Edmond,

Nakusalimu katika Bwana. Mama amepona mguu, amekwenda mpaka sokoni na kurudi, sasa anasema ulikuwa wake tangu mwanzo. Nestor ameshonewa shati. Céline anasema "Salamu Maria" vizuri kabisa, na nyumba imepoa kwa kulikosa lile la zamani. Migomba mitatu niliyoikata imechipua.

Barua yako nilimsomea Mama yote. Nilipofika kwa Faustin na ule mti, aliniambia nisimame, nikasimama, kisha akaniambia niendelee. Ufunge vidole kwa majani ya moto asubuhi na jioni.

Lile neno nililokuambia usilidai bado liko njiani. Unaijua njia ya kwetu ilivyo na matope.

Nina ombi moja. Jumapili, mkiisha kuitana mpaka ng'ambo ya mto, na aliye wa mwisho ametoka, nyamazeni kidogo, kiasi cha Amina mbili. Kisha mmoja wenu ageuke upande wa milima yetu ya huku Masisi, apaze sauti, aliite jina langu, peke yake, likiwa limechelewa. Sitasikia. Lakini saa hiyo nitakuwa mlangoni nimesimama, na nitaitika.

Msinisahau katika kuitana kwenu.

Dada yako,
Emérita